Mji Uliofua Hadi Ukafulia

Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi mmoja wa Colorado, Lee Maxwell, alikuwa safarini na mkewe katika jimbo la Iowa, wakasimama kwenye mnada wa vyombo vya shambani. Minada ya namna hiyo huko Marekani ya kati huwa na huzuni ndani yake: mkulima amekufa au amelemewa na deni, na maisha yake yote yametandazwa uani, kuanzia trekta hadi vijiko. Miongoni mwa vitu hivyo palikuwa na mashine kuukuu ya kufulia, chapa ya Maytag. Maxwell, ambaye kazi yake ilikuwa uprofesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, akainunua bila ya kuwa na haja nayo. Akanunua nyingine, kisha nyingine tena, hata nyumbani kwake karibu na mji mdogo wa Eaton ikabidi mabanda yajengwe ya kuziweka. Zilipopita 1,000, watu wa rekodi za Guinness wakamwandika kuwa ndiye mwenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa mashine za kufulia.

Mtu kama huyu ni rahisi kumcheka. Mkusanyaji wa stempu tumemzoea, na wa sarafu, na tajiri anayehifadhi magari ya zamani akiyapiga msasa kila Jumapili. Lakini mashine ya kufulia, kitu kinachofichwa nyuma ya mlango wa stoo! Maxwell mwenyewe alijibu kwa jina alilokipa kitabu chake cha historia ya mashine hizo, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Okoa Maisha ya Wanawake". Mhandisi yule angeweza kutaja gia au mota juu ya jalada. Akataja wenye mikono.

Basi tuanze na mikono. Katika nyumba nyingi za Marekani ya karne ya 19, Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na Jumanne ikaliwa na pasi. Mwanahistoria Susan Strasser, aliyeandika juu ya kazi za nyumbani, alipiga hesabu ya maji: kufua mara moja, kuchemsha mara moja na kusuuza mara moja kulitaka galoni 50 hivi, yaani lita 190. Msomaji aliyewahi kujitwika ndoo ya lita 20 anajua maana yake: safari tisa au kumi za kisimani kabla nguo ya kwanza haijalowa. Kuni bado. Sabuni ilipikwa nyumbani kwa maji ya majivu na mafuta ya mnyama, nayo ilichubua ngozi. Nguo zilisuguliwa kwenye ubao wenye migongo ya bati, zikachemshwa, zikakorogwa kwa mti, zikasuuzwa, zikatiwa buluu, zikakamuliwa kwa kusokotwa, zikaanikwa. Wakati wa baridi kali shuka ziliganda kambani zikawa ngumu kama mbao.

Aliyekuwa na uwezo alimpa mwingine kazi hiyo. Kwetu pwani huyo mwingine alikuwa dobi, na neno lenyewe lilivuka bahari kutoka India; Nairobi ya leo ina mama fua wake. Kusini mwa Marekani, baada ya utumwa kukomeshwa, alikuwa mwanamke Mweusi. Mwezi Julai 1881, wanawake 20 wa kufua katika mji wa Atlanta walikutana wakaunda chama chao, wakadai dola 1 kwa kila ratili 12 za nguo. Walipita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wenzao, na katika wiki tatu waliogoma wakafika 3,000. Baraza la mji likawatishia kuwatoza dola 25 kwa mwaka za leseni. Wakamwandikia meya kwamba ada watalipa, ila kazi yote ya kufua mjini iwe chini ya mamlaka yao. Mji mzima ulikuwa na nguo chafu. Ni silaha ambayo majenerali hawaifundishi.

Miaka saba baadaye mwanamke mwingine Mweusi, Ellen Eglin, mtumishi wa nyumbani wa jijini Washington, alibuni kikamulio: rola mbili zinazobana nguo katikati na kutoa maji. Akauza wazo lake kwa dola 18. Gazeti moja lililotetea wanawake wavumbuzi lilieleza sababu yake mwaka 1891: alihofia kwamba ikijulikana aliyebuni ni mwanamke Mweusi, wanawake wa Kizungu hawatanunua. Wakusanyaji wa leo wana vikamulio vya zamani chungu nzima, vimepakwa mafuta, chapa za viwanda zinasomeka vizuri kabisa. Jina la Eglin hulioni popote.

Majina yanayoonekana ni ya wanaume, na yako mengi. Mjerumani Jacob Christian Schäffer wa Regensburg alichapisha mchoro wa mashine ya kufulia katika miaka ya 1760. Nathaniel Briggs alipewa hataza ya Marekani mwaka 1797, lakini ofisi ya hataza iliungua mwaka 1836 na mchoro wake ukapotea. Mfanyabiashara William Blackstone wa Bluffton, Indiana, alimtengenezea mkewe pipa la mbao lenye mkono wa kuzungushia mwaka 1874, inasemekana iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Tunaambiwa mke alifurahi, ingawa yeye mwenyewe hakuandika neno. Maxwell alipochoka kusaka vitu ambavyo havikubaki tena duniani, alianza kusoma hataza za zamani na kujijengea mashine kutokana na michoro. Baadhi zilifua, na nyingine zilimdhihirishia kwa nini hakuna aliyezinunua.

Mashine ile aliyoinunua Maxwell mnadani ilikuwa imetengenezwa Iowa humo humo, katika mji wa Newton. Ni mji mdogo, watu wake hawazidi 16,000 hivi, umezungukwa na mashamba ya mahindi na soya. Mwaka 1893 Frederick Louis Maytag na wenzake walianzisha kiwanda hapo. Hawakuwa na habari na nguo. Walitengeneza kifaa cha kukata kamba za miganda na kuilisha mashine ya kupura nafaka, kisha zana nyingine za kilimo. Tabu ya zana za kilimo ni kwamba hununuliwa kabla ya mavuno, na baada ya hapo kiwanda kinalala. Nguo huchafuka mwaka mzima. Mwaka 1907 Maytag akatoa mashine yake ya kwanza ya kufulia, beseni la mbao la kuzungusha kwa mkono, kwa ajili ya kujaza miezi mikavu. Hakuwa peke yake mjini. Viwanda vya One Minute na Automatic navyo vilifanya kazi hiyo hiyo, na Newton ikaanza kujinadi kuwa makao makuu ya kufua duniani.

Aliyekuwa na kichwa cha ufundi ni Howard Snyder, na Maytag, ambaye kipaji chake kilikuwa kuuza, alijua kumwachia nafasi. Wakati huo umeme ulikuwa umeingia kwenye mashine za mjini. Kampuni ya Hurley ya Chicago ilikuwa na Thor yake, iliyoendeshwa kwa mota, na hataza iliyoandikwa kwa jina la Alva Fisher ilitoka mwaka 1910. Lakini mteja wa Maytag alikuwa mke wa mkulima, na hata kufikia katikati ya miaka ya 1930 mashamba tisa kati ya kumi ya Marekani hayakuwa na umeme. Kwa hiyo katika miaka ya 1910 Newton ikatoa mashine ya kufulia yenye injini ya petroli. Injini yenyewe ni ndogo, ya silinda moja, imekaa chini ya beseni kama mbuzi chini ya meza. Unaitia petroli iliyochanganywa na oili, unaipiga teke kwa kanyagio kama pikipiki, nayo inaanza kubweka. Moshi unapitia bomba refu la chuma linalopindika, ambalo mwenye nyumba hulitoa dirishani au mlangoni. Aliyesahau kulitoa alifulia ndani ya wingu.

Injini hizo leo zina wapenzi wao wa pekee ambao hata nguo hawazijali. Wengi walikuwa wavulana wa shamba, na injini ya Maytag ndiyo ya kwanza waliyoifungua maishani. Umeme ulipofika kijijini na mama akapata mashine mpya, injini ilichomolewa ikafungwa kwenye kigari cha mbao, au ikaendesha pampu, au mashine ya kunolea. Hivyo ndivyo ilivyookoka. Aina iitwayo Model 92, iliyotolewa kuanzia 1927, na ile ya silinda mbili iliyoifuata mwaka 1937, bado zinaonekana kwenye maonyesho ya mashine za zamani, zimepangwa juu ya mbao, kila moja ikitoa moshi wake.

Kilichoitajirisha Newton kilikuwa ndani ya beseni. Beseni za mbao zilivuja, na za bati zilipata kutu. Mwaka 1919 Maytag akataka beseni la alumini lililomiminwa kipande kimoja, na kwa kuwa viwanda vya kuyeyusha chuma havikuwa tayari kwa kazi hiyo, akajenga tanuri lake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye ukatoka uvumbuzi wa Snyder ambao mashine nyingi za kufunguliwa juu zimeurithi. Kabla ya hapo vyuma vya kukoroga nguo vilining'inia kwenye kifuniko na kuziburuta nguo huku na huku. Snyder alikipindua kikorogeo, akakisimika sakafuni mwa beseni kikiwa na mapezi manne, kikienda nusu mzunguko kulia na nusu kushoto. Sasa nguo hazikuburutwa, maji ndiyo yaliyosukumwa kupenya nyuzi. Waliiita Gyrafoam. Kampuni ikaacha zana za kilimo, na mwaka 1927 mashine ya milioni moja ilikuwa imekwisha kutoka kiwandani.

Newton ikawa mji wa Maytag, kwa mazuri na kwa mabaya. Familia hiyo iliupa mji bustani kubwa ya mapumziko, na kuanzia 1941 shamba lake la ng'ombe limetengeneza jibini yenye ukungu wa buluu, maarufu kuliko inavyostahili jibini ya watengeneza mashine. Lakini mwaka 1938, mzee mwenyewe akiwa kaburini mwaka mmoja tu, kampuni ilipunguza mishahara kwa asilimia 10. Wafanyakazi wakagoma kiangazi kile, wakakalia kiwanda, na gavana akaleta askari wenye bunduki katika mji wa mashine za kufulia. Waliogoma walirudi kazini na mshahara uliokatwa. Anayefungua Maytag ya mwishoni mwa miaka ya 1930 na kukuta gia zilizokaa sawasawa bila kuacha upenyo wa unywele, azikumbuke siku hizo pia. Zilikazwa na watu waliokuwa na hasira.

Kufikia hapo mashine bado ilihitaji mtu asimame nayo. Alijaza maji, akayatoa, akapitisha nguo moja moja kwenye rola za kikamulio, na rola hazikujua tofauti ya shati na vidole. Mikono iliyonaswa mpaka kwenye kiwiko ilikuwa jeraha lenye jina lake hospitalini. Ndiyo maana vikamulio vya baadaye vina upau mkubwa juu yake. Ukiupiga kofi, rola zinaachana. Wakusanyaji wakimwonyesha mgeni mashine ya aina hii, huanza na upau huo kabla ya kusema lolote juu ya uzuri wake.

Mwaka 1937 kampuni ya Bendix ya South Bend, Indiana, ilionyesha mashine ya kupakia kwa mbele iliyojaza maji, ikafua, ikasuuza na kukamua bila ya kuguswa. Ilikuwa na ila moja: ilipokamua ilitikisika hata ikabidi ifungwe kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Anayeiponya Bendix leo hulazimika kwanza kutoboa sakafu yake mwenyewe, jambo ambalo limevunja moyo wake mara nyingi kuliko kutu. Kisha vita vikaja, na mwaka 1942 utengenezaji wa mashine za kufulia kwa raia ukasimamishwa. Maytag ikatengeneza vipuri vya ndege za kivita. Amani iliporudi, kina mama walikuwa wamengoja miaka mitatu na fedha wanazo. Kati ya 1947 na 1949 karibu kila chapa ilileta mashine yake ya kujiendesha. Frigidaire, iliyokuwa mali ya General Motors, ilitoa kikorogeo kisichozunguka kabisa. Kiliruka juu na chini kama mchi kinuni, na ngoma yake ilikamua kwa mizunguko 1,140 kwa dakika wakati wenzake walikuwa mbali sana nyuma. Maytag iliingia mwaka 1949, ikiwa na jengo jipya kabisa mjini Newton, Kiwanda Namba 2.

Mashine ya kukaushia ina historia fupi zaidi, na ya kuchekesha. Karibu mwaka 1800 Mfaransa aitwaye Pochon alizungusha nguo mbichi katika ngoma yenye matundu juu ya moto. Zilitoka zikinuka moshi, na pengine zimeungua. George Sampson, Mmarekani Mweusi wa Dayton, Ohio, alipewa hataza mwaka 1892 kwa fremu ya kuning'iniza nguo karibu na jiko. Halafu akaja J. Ross Moore, mkulima wa Dakota Kaskazini, aliyechoka kumwona mama yake akianika nguo kwenye theluji. Alijenga kibanda, akaweka jiko na ngoma ndani yake, na kwa miaka mingi akatafuta kiwanda cha kumsikiliza. Kampuni ya Hamilton ya Two Rivers, Wisconsin, ndiyo iliyomsikiliza, na mwaka 1938 ikaitoa. Msanifu Brooks Stevens alipoitazama aliona sanduku la bati ambalo hakuna mtu angelielewa. Akashauri mlango uwekewe kioo, na madukani watie ndani chupi za rangi kali ziwe zinazunguka. Watu walisimama kutazama chupi. Kioo kile kimo kwenye milango ya mashine nyingi za kukaushia hadi leo, na hakikuwekwa kwa sababu yoyote ya kihandisi.

Je, mashine hizi ziliwapumzisha wanawake? Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alitoa kitabu mwaka 1983 akijibu kwamba kwa sehemu kubwa hapana. Kufua kulipokuwa kugumu, watu walivaa shati wiki nzima na dobi alichukua shuka. Mashine ilipoingia nyumbani, dobi aliondoka, shati likawa la siku moja, na mama akafua peke yake, kila siku, nguo nyingi kuliko alizofua bibi yake. Hoja yake ina nguvu, nami naikubali nusu. Nusu nyingine namwachia Hans Rosling, daktari na mwanatakwimu wa Sweden, aliyekuwa akisimulia siku mashine ilipofika nyumbani kwao alipokuwa mtoto. Bibi yake, aliyefua kwa mikono na kuni maisha yake yote, ndiye aliyepewa heshima ya kubonyeza swichi. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya mashine akaitazama ikifua mpaka mwisho. Cowan alihesabu saa za kazi. Mgongo wa bibi yule haukuwamo katika hesabu.

Mwaka ule ule wa 1983, Newton ilitengeneza mashine yake ya mwisho ya kikamulio. Zilikuwa zimeendelea kuuzwa muda wote huo, kwa watu wenye maji machache, na kwa Waamish, Wakristo wasiotumia umeme wa gridi, ambao waliziendesha kwa injini. Mpaka leo mkusanyaji anayetafuta rola za mpira au sili za modeli hizo hujikuta akigonga mlango wa duka la Waamish, na huko humkuta mtu anayeitumia mashine ile kila Jumatatu akimshangaa anayeihifadhi ndani ya banda.

Kuiponya mashine ya namna hii kuna taratibu zake, na utaratibu wa kwanza ni kutoichomeka kwenye umeme. Iliyolala miaka 40 ndani ya banda ina waya ambazo mpira wake unapukutika ukiugusa. Ukiwasha, unaweza kupoteza mota, au banda. Fundi huizungusha kwanza kwa mkono, akisikiliza. Beringi iliyoingiwa na maji hulia kama ndege aliyebanwa mlangoni, na karibu kila mara chanzo ni sili iliyochakaa juu yake. Grisi ya kiwandani huwa imegeuka kama nta, hata gia inayoonekana imekufa ikaanza kutembea baada ya kuoshwa tu.

Kisha kuna kikorogeo, nacho humtoa mtu jasho. Kimevikwa juu ya shafti yenye meno, na kwa miongo kadhaa sabuni na kutu vimeoana pale. Ukikipiga nyundo, kile cha bakelaiti kitapasuka, na kingine huna. Wazoefu hujaza beseni maji ya moto kabisa, wakangoja. Bakelaiti hutanuka kuliko chuma. Halafu hupitisha kamba nene au mkanda chini ya mapezi, wakasimama juu ya kiti na kuvuta wima, wakirudia na kungoja na kurudia. Kinapong'oka, aliyekuwa akivuta mara nyingi hujikuta sakafuni amekikumbatia.

Kila chapa ina tabia zake, na mafundi hao huzijua kama watu wa mtaa mmoja wanavyojuana. Maytag za kuanzia 1956 zina ujanja wa kuvutia: mota inazunguka upande mmoja kufua, na ikigeuza upande wa pili inakamua, basi, vipande vinavyosogea ni vichache, ndiyo siri ya maisha yake marefu. Za Whirlpool, na za Kenmore zilizotengenezwa na Whirlpool kwa maduka ya Sears, zina koili mbili za sumaku zinazocheza chini ya mashine, moja ikishusha gia ya kufua na nyingine ya kukamua, kila moja kwa mgoto wake. Mpenzi wa kweli akifumbwa macho hukuambia chapa, na wengine hukuambia mwaka. Frigidaire za ngoma ya kasi ndizo zinazoliza. General Motors iliuza chapa hiyo mwaka 1979, vipuri vya mpira vikakauka sokoni, na sasa haiponywi moja bila kuchinjwa nyingine.

Taima nayo ni saa kamili: mota ndogo inazungusha diski zenye migongo na mabonde, na kila mgongo unagusanisha au kuachanisha vyuma viwili. Hakuna kompyuta ndani yake. Fundi mwenye subira huifungua, akasugua ncha zilizoungua, akaifunga. Rangi ndiyo isiyo na dawa ya nyumbani, kwa sababu si rangi; ni kioo kilichoyeyushwa juu ya bati katika tanuri. Iliyopasuka imepasuka. Wapo wanaopiga rangi ya gari juu yake ing'ae kama mpya. Mimi nina upande katika ugomvi huo: mashine iliyosuguliwa makovu yote hunipa wasiwasi. Ile iliyobaki na doa pale mkono wa mtu ulipokuwa ukiegemea, Jumatatu baada ya Jumatatu, inasema mengi kuliko kibandiko cha makumbusho.

Mashine ya kukaushia ni rahisi zaidi kiufundi, ngoma, mkanda, mota na kitoa joto, lakini ina hatari zake. Nyuzi laini za nguo hujikusanya ndani ya kabati miaka nenda miaka rudi mpaka zikawa godoro la kuwashia moto, na baadhi ya za zamani sana zina asbesto kwenye vizuizi vya joto. Hufunguliwa nje, kwa barakoa.

Pana jambo wakusanyaji hawapendi kulisikia, nalo ni maji. Mashine ya kufunguliwa juu ya miaka ya 1950 hunywa lita 150 na zaidi kwa mkupuo mmoja, ambapo ya leo ya kupakia kwa mbele hutosheka na theluthi yake. Hawana jibu la kuridhisha juu ya hilo. Hujibu jambo jingine: kwamba yao ilidumu miaka 30 au 40, na ilipoharibika ilifunguliwa kwa spana na bisibisi, wakati mpya hutupwa kwa sababu ya kadi moja ya kielektroniki iliyoungua.

Sifa hiyo ya kudumu Maytag iliigeuza fedha. Kuanzia 1967 matangazo yake ya televisheni yalimwonyesha fundi mpweke, aliyeigizwa kwanza na Jesse White, amekaa karibu na simu isiyolia kwa sababu mashine haziharibiki. Lakini kitu kisichoharibika hununuliwa mara moja. Kampuni ilinunua kampuni nyingine, ikabeba madeni, na mwaka 1997 ikatoa mashine ya kupakia kwa mbele iliyoitwa Neptune, ambayo wateja wengi waliilalamikia kwa ukungu na harufu hadi mahakamani. Mwaka 2006 Whirlpool iliinunua Maytag. Mwezi Oktoba 2007 kiwanda cha Newton kikafungwa. Mji uliokuwa umewalisha maelfu kwa nguo chafu za wenzao, vijana wa Dar es Salaam wangesema umefulia, na kwa mara moja neno hilo la mtaani lingekuwa na maana zake zote mbili.

Jumba la makumbusho la wilaya limehifadhi mashine kadhaa za Maytag, tangu za mbao. Nyingine zimetawanyika kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu, hasa wanaume wa makamo ambao walipokuwa wadogo walikaa sakafuni kutazama mashine ya mama. Huwa wanakutana, kila mmoja amekuja na mfuko wa nguo chafu zake. Mashine huwashwa moja moja, vifuniko vikiwa wazi, maana za zamani hukubali kufanya kazi hivyo, na watu wazima husimama duara wakichungulia taulo zikizama na kuibuka. Hapazungumzwi sana.

Kiwanda Namba 2 hakikubomolewa. Kampuni nyingine ilikichukua ikaanza kuchomelea humo minara ya chuma ya mitambo ya upepo, na zaidi ya nusu ya umeme wa Iowa sasa hutokana na upepo. Kwa hiyo Maytag ya mwaka 1950 iliyoponywa na kuchomekwa tena mahali fulani jimboni humo, ikianza kukamua, huenda inavuta umeme uliozalishwa juu ya mnara uliozaliwa chini ya paa lile lile.